Mizani Iliyofichwa Sandukuni



Hakuna mkulima wa mbaazi katika Babati asiyejua maana ya lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomo, kisha hushonewa kilemba juu yake, na mnunuzi hulihesabu kuwa ni gunia moja tu. Kwa miaka mingi ndugu zetu walinyonywa kwa namna hiyo mchana kweupe, na silaha yao kubwa dhidi ya unyonyaji huo si machozi bali ni mizani: kipimo kinachowekwa hadharani, kinachokaguliwa na Wakala wa Vipimo, ambacho muuzaji na mnunuzi wote wawili hukitazama kwa macho yao. Nabii Amosi alikwisha kuwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliopunguza vipimo na kuipotosha mizani, hata wakafikia kumnunua maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Kwa Amosi mizani haikuwa habari ya soko peke yake. Ilikuwa habari ya imani.

Twaandika haya kwa sababu mizani imehama. Katika miaka ya karibuni korosho, ufuta, mbaazi na mazao mengine yameanza kuuzwa nchini kwa stakabadhi ghalani na kwa mnada unaoendeshwa kwa kompyuta katika Soko la Bidhaa Tanzania. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanzishwa na TASAF mwaka 2012, mkutano wa kijiji hutaja kaya zilizo hohehahe, kisha dodoso hujazwa, na majibu yake hupimwa kwa kanuni ya hesabu inayokokotolewa na kompyuta. Kitambulisho cha taifa, mkopo wa simu, ankara ya maji, matokeo ya mtihani wa mtoto: vyote hupita mahali ambapo mashine hujumlisha, hutoa na kutamka. Hatusemi kwamba mashine ni mbaya. Mara nyingi imewaondolea wanyonge adha ya kuzungushwa na karani mwenye kutaka chochote. Tunachouliza ni kile ambacho mkulima wa mbaazi angeuliza: mizani hiyo inaonwa na nani?

Programu ya kompyuta si muujiza. Ni maandishi. Kuna mtu aliyeketi akaandika, mstari kwa mstari, ikiwa hivi fanya hivi, ikiwa vile fanya vile. Na mashine hutii bila huruma na bila hila, ikitenda lile tu lililoandikwa, pamoja na makosa yake. Maandishi hayo wataalamu huyaita msimbo. Mwenye kuyaandika ameamua mambo mengi kwa niaba ya wengine: nani ahesabiwe kuwa maskini, nani adaiwe, jina lenye herufi ngapi likubaliwe.

Wanakwaya watatuelewa upesi. Mtunzi aliyeko Bukoba hutunga wimbo na kuuandika kwa nota. Nakala hupita mkono hadi mkono mpaka ikafika huku kwetu. Mwalimu wa kwaya akigundua kwamba sauti ya tatu inagongana na ya nne, husahihisha, naye jirani yake wa parokia ya pili huchukua nakala iliyosahihishwa. Jina la mtunzi hubaki juu ya karatasi, na wimbo huimbwa na maelfu ambao mtunzi hatawaona kamwe. Waandishi wa programu nao wanayo maghala yao ya kushirikishana msimbo kwa namna hiyo hiyo. Lililo maarufu kupita yote huitwa GitHub, lilianzishwa Marekani mwaka 2008, nalo limejengwa juu ya chombo kiitwacho Git ambacho Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, alikitengeneza mwaka 2005. Mtu huweka maandishi yake humo. Mwingine, popote alipo duniani, huyasoma, huyanakili na kupendekeza marekebisho. Na kila badiliko hubaki limeandikwa: nani alibadili, lini, na alibadili nini. Programu ambazo wenyewe wameruhusu zisomwe, zitumike na zirekebishwe na yeyote huitwa programu huria.

Huenda msomaji akauliza Tume ya Haki na Amani inatafuta nini katika mambo ya wahandisi. Jibu limo katika mafundisho ya jamii ya Kanisa. Mwaka 1991, katika waraka wake Centesimus Annus, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba katika nyakati zetu kuna umiliki mwingine usiopungua uzito kuliko ule wa ardhi, nao ni umiliki wa maarifa, ufundi na ujuzi; na akaonya kwamba walio wengi duniani wameachwa nje ya umiliki huo. Muhtasari wa Mafundisho ya Jamii ya Kanisa, uliotolewa mwaka 2004, ulisogeza hatua nyingine: kanuni kwamba Mungu aliikusudia mali ya dunia iwe kwa ajili ya watu wote haina budi kupanuliwa iyafikie na matunda mapya ya sayansi na ufundi. Naye Papa Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alichukua jina la Leo XIII, aliyewatetea wafanyakazi wa viwanda mwaka 1891, kwa sababu mapinduzi ya mashine zenye akili yanaibua upya masuala ya hadhi ya mwanadamu, haki na kazi. Msimbo, basi, ni mali. Na palipo na mali, Kanisa huuliza: imegawanywaje?

Ubaya wa mizani isiyoonekana si wa kubuni. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 1999, Shirika la Posta liliwawekea mawakala wake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha katika ofisi ndogo za posta, nyingi zikiwa za vijijini. Mawakala waliapa kwamba hawakugusa hata senti. Shirika likaamini kompyuta. Mkataba uliwadai wazibe pengo kutoka mifukoni mwao, nao wakauza nyumba na kukopa kwa ndugu. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo. Baadhi yao walifungwa gerezani, baadhi walijiua. Ilichukua miaka ishirini hadi Mahakama Kuu, Desemba 2019, ilipotamka kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro zenye kuweza kuzua upungufu ule, na ni Mei 2024 tu ambapo Bunge lilipitisha sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa jumla.

Tuwatazame vizuri watu hao. Hawakuwa wakubwa. Walikuwa watu wa kaunta, wanaowalipa wazee pensheni, wanaojulikana kwa majina na kanisani na dukani; kwa kwetu tungesema ni mweka hazina wa kigango. Wakashindwa mahakamani, si kwa kukosa ukweli, bali kwa kukosa njia ya kuuonyesha. Maandishi ya mfumo yalikuwa siri ya kampuni, na mama mwenye duka kijijini hakuwa na uwezo wa kumwambia hakimu: fungueni sanduku, mtaona. Aliyeshtaki ndiye aliyekuwa na mizani, na ndiye pekee aliyejua imetengenezwaje. Sisi hatudai kwamba msimbo ulio wazi haukosei. Hukosea, na mara nyingi. Tofauti ni kwamba kosa lake laweza kuonwa na mtu asiye na faida yoyote ya kulificha.

Karibu zaidi na kwetu, majirani zetu wa Kenya wamelijua jambo hili kwa njia ya machungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipoua watu zaidi ya 1,100, vijana wachache walitengeneza mapema mwaka 2008 programu waliyoiita Ushahidi: mwananchi alituma taarifa ya alichokiona, na taarifa ikaonekana kwenye ramani ambayo kila mtu aliweza kuisoma. Msimbo wake waliuachia wazi, na miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoiangamiza Haiti, watu wengine kabisa waliutumia kuwatafuta majeruhi. Jina la Kiswahili likavuka bahari pamoja nao. Kisha ikaja Agosti 2017. Mahakama ya Juu ya Kenya iliamuru Tume ya Uchaguzi ifungue mitambo yake ya kompyuta ili ikaguliwe. Tume haikutii agizo hilo kikamilifu. Na tarehe 1 Septemba Mahakama, kwa wingi wa majaji, ikaubatilisha uchaguzi wa rais. Katika hukumu yake ilizingatia na kukataa huko kufungua. Ulipofika uchaguzi wa Agosti 2022, fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani, na mwenye kalamu na subira akaweza kujumlisha mwenyewe. Ubishi haukukosekana, wala hautakosekana penye siasa, lakini safari hii waliobishana walikuwa wakitazama karatasi zile zile.

Ziko na habari njema, nazo ziko karibu kuliko tunavyodhani. Kila mwisho wa mwezi muuguzi wa zahanati, iwe ya serikali au ya Kanisa, hufunga vitabu vya MTUHA: watoto wangapi wamechanjwa, wajawazito wangapi wamehudhuria kliniki, wangapi wameugua malaria. Takwimu hizo huingizwa katika mfumo uitwao DHIS2, ambao ulikwisha kuenezwa Tanzania nzima ifikapo mwaka 2013. Chimbuko lake ni Afrika Kusini ya mwaka 1994 na baada yake, ubaguzi wa rangi ulipoondoka, na wataalamu wakatafuta namna ya kuwahesabu wagonjwa wa sehemu ambazo utawala uliotangulia haukujali kuzihesabu. Baadaye Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kikaratibu utengenezaji wake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa miongoni mwa washirika. Leo hutumika katika nchi zaidi ya 70, na kwa kuwa msimbo wake ni huria, hakuna wizara ya nchi maskini inayolipa ada ya leseni ili iweze kuhesabu watoto wake. Mtoto anayechanjwa Dareda au Magugu huingia katika hesabu ya taifa kupitia maandishi ambayo mwanafunzi yeyote wa Tanzania aweza kuyafungua, akayasoma, akayapendekezea sahihisho. Kuhesabiwa nako ni haki. Asiyehesabiwa hapangiwi dawa.

Vivyo hivyo, mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden waliichukua programu ya ofisi iliyo huria, wakaitafsiri, wakaitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumpigia magoti mwenye kampuni yoyote ili lugha yetu iruhusiwe kukaa katika kompyuta. Katika programu iliyofungwa, mwenye mali ndiye aamuaye ni lugha ipi inastahili na ipi haina soko. Wairaqw, Wagorowa, Wadatoga na Warangi wa huku kwetu waweza kukisia wenyewe lugha zao zingewekwa foleni ya ngapi.

Lakini ghala lina mlango, na mlango una mwenye ufunguo. Hapa ndipo tunapowaomba mtulie nasi kidogo.

GitHub ilinunuliwa mwaka 2018 na kampuni ya Microsoft kwa dola za Marekani bilioni 7.5. Kisima ambacho mamilioni ya watu wamemimina ndani yake kazi ya mikono yao kina mwenye hati mmoja, naye yu chini ya sheria za nchi moja. Julai 2019, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, waandishi wa programu walioko Iran, Syria na Crimea walijikuta wamefungiwa sehemu ya kazi zao wenyewe. Hawakuwa wametenda kosa. Walikuwa wamezaliwa au wanaishi mahali pasipotakiwa. Kwa Wairani mlango ulifunguliwa tena Januari 2021, baada ya kampuni kuomba na kupewa kibali na serikali ya Marekani. Tushukuru kwamba iliomba. Hata hivyo haki inayosubiri kibali cha serikali ya ugenini ni haki iliyokaa juu ya kigoda cha miguu miwili.

Wenye mamlaka nao wamejifunza haraka kwamba ghala la msimbo si la mashine tu. Machi 2019 waandishi wa programu wa China, waliochoka kufanyishwa kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku kwa siku sita za juma, walitumia GitHub kuorodhesha kampuni zinazowatesa hivyo. Mitandao mingine nchini mwao ingewafuta kwa dakika. Ghala hili halikuweza kufungwa kirahisi, kwa kuwa kampuni hizo hizo zililihitaji kwa kazi zao. Baadhi ya kampuni zilizuia ukurasa ule katika programu zao za kuperuzi, nao wafanyakazi wa Microsoft wakaandika barua ya kuwaunga mkono wenzao. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya Watu wa China ilitamka kwamba ratiba ile ni kinyume cha sheria. Mwezi huo huo, vijana wawili wa Beijing waliokuwa wakihifadhi katika ghala lile lile makala za habari za Korona zilizofutwa na wachunguzi wa serikali walihukumiwa kifungo cha miezi 15. Nchi nyingine zimejaribu kulifunga ghala zima: India mwishoni mwa mwaka 2014, Uturuki Oktoba 2016, zote kwa muda mfupi.

Na yupo mwenye ufunguo mkubwa kuliko wote, yule awezaye kuzima njia yenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizima intaneti kwa takribani siku 20 baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Uganda iliizima Januari 2021. Nasi hatuna cha kuwanyoshea kidole. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatwa nchini mwetu, ikarejeshwa mwanzoni mwa Novemba. Maaskofu wetu walikwisha kusema waziwazi juu ya damu iliyomwagika siku zile, nasi hatuna neno la kuongeza juu ya neno lao. Tunakumbusha tu kwamba Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa kuwasiliana na kutoingiliwa mawasiliano yake, na kwamba mama asiyejua mwanawe yuko wapi, na kijana ambaye kazi yake ya mshahara imefungiwa ng'ambo ya waya uliokatwa, wote wawili wamenyang'anywa kitu kilicho chao. Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi Wafilisti walivyovifukia kwa udongo visima alivyochimba Ibrahimu, si kwa kuwa waliyahitaji maji yale, bali kwa kijicho. Isaka hakukaa kulalamika. Alivifukua, kisha akachimba vingine.

Kuchimba vingine kunawezekana, na hili wengi hawalijui. Kwa namna Git ilivyotengenezwa, kila anayenakili mradi hubaki na mradi mzima pamoja na historia yake yote, si kivuli chake. Ghala likifungwa leo, nakala iliyoko Arusha, Nairobi au Muscat yatosha kulifufua kesho mahali pengine. Tena tangu mwaka 2016 liko shirika lisilo la biashara huko Ufaransa, Software Heritage, linalokusanya na kutunza msimbo wa dunia yote kama maktaba itunzavyo vitabu, nalo linashirikiana na UNESCO. Vyuo vyetu vikiwa na desturi ya kutunza nakala zao wenyewe, tutakuwa na akiba ghalani siku ya njaa.

Baada ya kusema haya yote kwa ajili ya uwazi, haki inatudai tuseme na neno la pili. Si kila kitu kiwekwe wazi.

Mkoa wetu wa Manyara unajulikana kitaifa kwa aibu moja. Katika utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022, takribani wanawake 43 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 katika mkoa huu walikuwa wamekeketwa. Sheria inakataza kumkeketa mtoto wa chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, nasi tunajua linavyofanyika usiku, na kwa watoto wachanga, ili sheria isione. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea katika mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakichora katika ramani huria vijiji na njia za Tanzania ambavyo ramani za biashara hazikuvionyesha, kwa sababu nyumba za hifadhi mkoani Mara zilihitaji kumfikia binti usiku kabla ngariba hajamfikia. Ramani ile yapasa iwe wazi kwa wote. Bali jina la binti, jina la baba yake, na chumba alicholala usiku ule, hayo yapasa yafungwe kwa kufuli saba. Njia iwe ya wote. Mtu abaki na siri yake. Wapo wanaochanganya mambo haya mawili, na huficha kanuni ya hesabu ilhali majina ya maskini yamebandikwa ukutani. Ni kinyume kabisa cha inavyopasa.

Wala mtu asitutishe kwa kusema kwamba mfumo ukisomwa na wote utaibiwa. Fundi kufuli yeyote pale sokoni anajua umbo la ndani la kufuli. Kinachoilinda nyumba yako ni ufunguo ulio mfukoni mwako. Kufuli ambalo usalama wake ni kwamba hakuna aliyewahi kulifungua na kulitazama, hilo ndilo la kuogopa.

(Na tukiwa bado katika habari za majina: ile desturi ya kuzituma katika makundi ya simu orodha za waamini pamoja na kiasi cha zaka cha kila mmoja, na za wale ambao hawajatoa, ifikiriwe upya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, hatuoni mahali ilipoliacha Kanisa nje.)

Tunaomba nini, basi? Kwanza kabisa, maswali. Mfumo mpya unapoletwa katika kijiji au mtaa, uwe wa ruzuku, wa ushuru au wa mnada wa mazao, kiongozi wa walei asimame mkutanoni aulize kwa heshima: mizani hii iliandikwa na nani? Nani asiye mwajiriwa wa mwenye mfumo amewahi kuikagua? Na mashine ikinionea, ni mwanadamu gani nitakayemwendea? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuomba maelezo kwa maandishi, na ile ya mwaka 2022 inatambua kwamba mtu aweza kukataa kuamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Sheria isiyotumiwa na wananchi hukauka kama kisima kisichotekwa. Maoni yetu wenyewe ni haya: programu inayogharimiwa kwa fedha za umma, na inayotoa hukumu juu ya haki za watu, msimbo wake uwekwe mahali ambapo umma waweza kuusoma, isipokuwa pale tu itakapoelezwa sababu nzito, na sababu hiyo ielezwe hadharani.

Pili, vijana. VIWAWA wetu wanajua kuitumia simu kupita sisi sote, lakini kutumia si kusoma, kama vile kuimba kwa kusikia si kujua nota. Parokia iliyo na kompyuta inayolala kuanzia saa kumi jioni, na mwalimu mmoja mwenye moyo, yaweza kuwaanzishia darasa la kusoma msimbo. Programu huria zinazohitajika hazina ada. Nyingine zaweza kuletwa kwa diski ndogo kutoka Arusha bila kumaliza kifurushi cha mtu. Binti na mvulana wote wawili waitwe, na binti aitwe kwanza. Wala wasifundishwe kwamba cha bure hakina mwenyewe: jina la aliyeandika hubaki juu ya karatasi, masharti aliyoyaweka hufuatwa, na aliyefanya kazi apewe ujira wake pale kazi yake inapozalisha fedha. Ofisi inayotumia programu ya wizi wakati iko ya halali isiyodai hata shilingi haina hoja ya kujitetea.

Kwa mwezi ujao tunaziomba jumuiya zote ndogo ndogo za parokia, mjini na vigangoni, zichukue jambo moja tu katika mkutano wa kila juma. Kila kaya itaje mashine moja iliyoamua jambo juu yake mwaka huu, ya fedha, ya shamba, ya shule au ya hospitali, na iseme kama ilielezwa sababu ya uamuzi ule. Katibu aandike mashine na uamuzi, asiandike jina la mtu. Karatasi zikusanywe na makatekista na kuletwa ofisi ya parokia, kwenye sanduku la Tume, nasi tutazisoma zote kabla ya kwenda kuomba nafasi ya kuzungumza na wahusika wilayani.